Mji Wenye Milango Miwili: Mwongozo kwa Mzazi na Mlezi wa Binti

Lugha yetu hukiita kiungo abebamo mama mtoto wake mji wa mimba, na shingo ya kiungo hicho huiita mlango; nao wazee walioyaweka majina hayo, ijapokuwa hawakuwa na mashine za kupigia picha za batini, walitamka neno ambalo mwongozo huu wote utalizunguka, kwa sababu mji huweza kujengwa kwa namna zaidi ya moja, mlango huweza kuwa mmoja, au miwili, au ukakosekana kabisa, na mji ambao mlango wake mmoja umezibwa huweza kuficha ndani yake jambo ambalo walio nje hawalioni mpaka limekuwa kubwa.

Nakuandikia wewe mama, baba, bibi, khaloo, shangazi au somo, uliyepewa amana ya binti aliye baina ya miaka 10 na 20, hasa ikiwa binti huyo amekwisha kuambiwa na daktari kwamba viungo vyake vya uzazi vina hitilafu ya tangu kuzaliwa. Habari yenyewe ni ya saratani zilizo adimu, wala sikusudii kukutia fadhaa, kwani walio wengi kabisa miongoni mwa mabinti wenye hitilafu hizi hawatapatwa na saratani ya viungo hivyo maisha yao yote. Walakini uadimu huo ndio unaoleta hatari, kwa kuwa hitilafu na saratani hulia kwa sauti moja: damu isiyo na utaratibu, maumivu ya kinena, uchafu wenye harufu, tumbo kujaa, na mtu aliyekwisha kupewa jibu moja, kwamba ndivyo binti alivyoumbwa, aghalabu huacha kuuliza swali la pili.

Ili hayo yakubainikie, rudi nami kwanza tumboni mwa mama katika miezi mitatu ya mwanzo. Kila kijusi huanza na jozi mbili za mirija, moja iliyopewa jina la Wolff na ya pili jina la Müller, wanazuoni wawili wa Kijerumani. Kwa mtoto wa kike mirija ya Wolff hufifia, na ile ya Müller, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, huteremka, hukutana katikati na kuungana, kisha ukuta ulio baina yao huyeyuka, ukabaki mji mmoja wenye mlango mmoja pamoja na sehemu ya juu ya uke. Ikikosa kukutana, binti huzaliwa na miji miwili. Ikikutana na ukuta usiyeyuke, chumba hugawanyika. Na isipomea kabisa, jambo ambalo humpata takriban msichana 1 katika kila 5,000, binti huzaliwa bila mji, ilhali ovari zake, ambazo asili yake ni nyingine, zi salama na matiti yake hukua kama ya wenzake. Hitilafu zote, kubwa na ndogo, zikihesabiwa pamoja, takriban wanawake 5 katika kila 100 wanazo, na wengi wao huolewa, huzaa na kuzeeka bila ya kujua. Na kwa kuwa figo huchipuka kutoka kwa jirani, yaani mrija wa Wolff, upande ambao mji umeharibika mara nyingi hukosa na figo pia. Nakuomba jambo hili la figo usilipite kwa haraka, kwani litarudi mbele yetu zaidi ya mara moja.

Sasa sikiliza yaliyotokea Boston, huko Marekani. Katika mwaka 1971 madaktari watatu, Arthur Herbst, Howard Ulfelder na David Poskanzer, walichapisha habari za wasichana 8, wenye umri wa miaka 15 hadi 22, waliopatwa na saratani ya uke, maradhi ambayo mpaka siku hizo yalijulikana kuwa ya wanawake waliokwisha kuzeeka. Wengi wao walikuwa na aina iitwayo saratani ya seli angavu, ambayo huota mahali penye seli za tezi. Aliyelifungua fumbo hilo hakuwa mwanachuoni, bali mama wa mmoja wa wagonjwa, aliyemwuliza Ulfelder kama dawa aliyoimeza alipokuwa na mimba ya binti huyo haikuwa na dhambi katika jambo hili. Swali lake likaingizwa miongoni mwa maswali waliyoulizwa mama wote, na majibu yalipokusanywa ikaonekana kwamba mama 7 kati ya wale 8 walikuwa wametumia diethilistilbestroli, na miongoni mwa mama 32 waliolinganishwa nao, ambao binti zao walikuwa wazima, hapakuwa na aliyeitumia hata mmoja.

Dawa hiyo ilikuwa homoni ya kutengenezwa, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1938, nayo wajawazito walikuwa wakipewa kwa dhana kwamba huzuia mimba isitoke. Na iliendelea kutolewa hata baada ya uchunguzi wa Chicago, uliochapishwa mwaka 1953, kuonyesha kwamba haikuzuia kitu. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule wa 1971 serikali ya Marekani iliwahadharisha madaktari wasiwape tena wajawazito. Baadaye ikabainika kwamba wengi wa mabinti waliopitiwa na dawa hiyo walikuwa na miji ya mimba yenye umbo geni, mingine kama herufi T, na kwamba saratani yenyewe iliwapata kiasi cha 1 katika kila 1,000. Dawa moja, ikipita wakati mirija inaungana, iliweza kuacha katika mwili mmoja hitilafu ya umbo na mbegu ya maradhi.

Hadithi ya Boston sikuileta kwa pambo, wala sisemi kwamba binti yako amepitiwa na dawa hiyo. Nimeileta kwa sababu ya yule mama. Madaktari walikuwa na darubini, vitabu na wagonjwa. Alilokuwa nalo yeye ni kumbukumbu ya miezi tisa na ujasiri wa kuuliza, na pasipo hayo mawili vitabu vingekawia. Mashauri yatakayofuata humu kwa kweli ni shauri moja lililopanuliwa: weka kumbukumbu, uliza, wala usikubali kwamba swali lako ni la kijinga mpaka limejibiwa.

Katika mwaka huo huo wa 1971, kwa sadfa tu, madaktari Herlyn na Werner walieleza hali ambayo Wunderlich aliiongezea maelezo mwaka 1976, na ambayo mpaka leo hubeba majina yao matatu. Binti mwenye hali hii ana miji miwili na milango miwili, lakini upande mmoja, aghalabu wa kulia, sehemu ya uke imezibwa na ukuta, na figo ya upande huo haipo. Tazama jinsi hila ya maumbile inavyomlaghai kila mtu: binti huvunja ungo kama wenzake, huona hedhi kila mwezi kwa upande ulio wazi, kwa hiyo hakuna anayedhani kwamba kuna kilichozibwa; huku damu ya upande wa pili ikikusanyika nyuma ya ukuta, na maumivu yakizidi mwezi baada ya mwezi, hata watu wa nyumbani wakasema kwamba mtoto huyu hana uvumilivu, au kwamba ataona nafuu akishazaa. Ikiwa ukuta una kitundu kidogo, damu hupenya kwa uchache na kutoka nje ya siku zake, imeoza, yenye harufu mbaya, naye akatibiwa maradhi ya kuambukizwa ambayo hakuwahi kuyapata.

Basi kuta za upande ule uliozibwa mara nyingi hufunikwa na seli za tezi, na madaktari wa nchi mbalimbali wameandika juu ya wagonjwa wachache, baadhi yao wasichana, walioota saratani ya seli angavu katika mlango wa kizazi au uke wa upande huo. Ubaya wake ni kwamba mlango unaoonekana huweza kuwa safi kabisa. Anayechunguza kwa siki, kama ifanywavyo katika vituo vyetu vingi vya afya, huona mlango ulio mbele ya macho yake. Na anayechukua seli kwa kijiti cha brashi huzichukua pale brashi ilipofika. Kwa hiyo mwanamke mwenye milango miwili, siku atakayofikia umri wa kuchunguzwa, na achukuliwe vipimo viwili, kila mlango na cha kwake, tena kila chupa iandikwe upande wake. Na kwa kuwa mpimaji mgeni hawezi kulijua jambo hilo kwa kumtazama usoni, ni juu ya mwenyewe kusema. Nimekwisha kusema kwamba figo itarudi: binti yeyote aliyegunduliwa kuwa na figo moja tu, hata kama iligunduliwa alipokuwa mchanga kwa sababu nyingine kabisa, anastahili kupigwa altrasaundi ya kinena anapokaribia kuvunja ungo, kabla maumivu hayajaanza.

Hapa sina budi kukaa kidogo juu ya jambo linalowaingiza watu wema katika dhuluma. Tumbo la msichana wa miaka 14 likianza kupanda, dhana hufika nyumbani kabla ya daktari. Lakini damu ya hedhi iliyozuiliwa hupandisha tumbo. Na uvimbe wa ovari utokao katika seli za mbegu, ambao ndio saratani ya viungo vya uzazi inayowapata mabinti wa umri huu zaidi ya nyingine zote, huweza kukua kwa majuma machache hata nguo zikambana. Zaidi ya hayo, baadhi ya vimbe hizo hutoa homoni ile ile ya hCG ipimwayo katika mkojo wa mjamzito, kikatokea kijiti chenye mistari miwili mkononi mwa msichana ambaye hajawahi kukutana na mwanamume. Kijiti hakikusema uongo: kimesema kwamba homoni ipo, hakikusema imetoka wapi. Basi kabla hujamtuhumu, kabla hujamwita mjomba wala kuulizana majina ya vijana wa mtaani, mpeleke akapigwe altrasaundi ya tumbo. Kama kuna mimba itaonekana, nalo ni jambo lenye taratibu zake. Kama hakuna mimba na kuna uvimbe, mwombe daktari apime damu kwa vipimo vya AFP, hCG na LDH kabla ya upasuaji, kwa sababu vipimo hivyo vitatu humwonyesha aina ya uvimbe, na baadaye humwonyesha kama tiba inafanya kazi. Uvimbe wa namna hii ukiwahiwa, wengi wa wagonjwa hupona, nao aghalabu hupona kwa kuondolewa ovari ya upande mmoja tu. Kwa hiyo daktari akikuambia kwamba atatoa ovari zote mbili na mji wa mimba wa mtoto wa miaka 15, una haki ya kumwomba kwa taadhima akueleze sababu, na kutafuta rai ya daktari wa pili ikiwa hali ya mgonjwa inaruhusu.

Liko kundi jingine la mabinti ambalo hitilafu yao haimo katika mirija bali katika zile tezi ambazo zingekuwa ovari. Binti mwenye hali ya Swyer, iliyopewa jina la tabibu wa London aliyeieleza mwaka 1955, ana mji wa mimba na mlango wake, amelelewa msichana na ni msichana, lakini kromosomu zake ni XY, na mahali pa ovari pana vipande vya nyama visivyotoa homoni. Haoti matiti, havunji ungo, na mara nyingi huwa mrefu kuliko dada zake. Katika vipande hivyo saratani huota kwa wingi usio wa kawaida, ndiyo maana madaktari hushauri viondolewe mara hali inapojulikana, bila ya kungoja. Kisha binti hupewa homoni, akaota matiti na kuona hedhi, na kwa kuwa mji wake upo, imewezekana mwanamke wa hali hii kubeba mimba kwa yai la kupewa. Hadhari kama hiyo huchukuliwa kwa binti mwenye hali ya Turner, yaani aliyekosa kromosomu ya pili ya X au sehemu yake, ikiwa katika kromosomu zake kumeonekana sehemu ya Y. Tofauti na hao ni yule ambaye mwili wake hausikii homoni za kiume: matiti yake hukua vizuri, mji wa mimba hana, nywele za sehemu za siri ni haba, na huenda utotoni aliwahi kuwa na uvimbe wa ngiri kinenani. Kwake hatari ya saratani kabla ya utu uzima ni ndogo, basi tezi zaweza kuachwa zimkuze, na uamuzi wa kuziondoa ukangoja mpaka awe na umri wa kuutoa mwenyewe. Hali hii hupita katika ukoo wa mama, kwa hiyo uliza kwa siri na stahi kama yuko khaloo au mama mkubwa ambaye hakuwahi kuona hedhi. Neno huntha, ambalo watu hulirusha kama jiwe, lisitamkwe mbele ya binti huyu wala nyuma yake. Haliongezi elimu, na limewafanya wengi wafiche dalili mpaka wakati wa faida umepita.

Juu ya binti aliyezaliwa bila mji wa mimba nina machache. Ovari zake ni kama za mwanamke mwingine yeyote, zina hatari zile zile wala si zaidi. Na ikiwa alitengenezewa uke, kwa kutanuliwa taratibu au kwa upasuaji wa kutumia ngozi au kipande cha utumbo, atazamwe na daktari mara kwa mara maisha yake yote, kwa sababu saratani katika uke wa namna hiyo zimeonekana, ijapokuwa ni chache mno. Asinyimwe chanjo ya virusi vya HPV kwa hoja kwamba hana mlango wa kizazi. Chanjo hiyo, ambayo Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019, ni kinga kubwa. Ila usidhani kwamba inazuia saratani ya seli angavu au ya seli za mbegu, kwa kuwa hizo kwa kawaida hazitokani na virusi hivyo.

Tuje kwenye daftari. Nunua daftari la kawaida, la shule, wala usitegemee kumbukumbu ya kichwa. Andika tarehe matiti yalipoanza kuchomoza na tarehe alipovunja ungo. Kisha kila mwezi andika siku ya kwanza ya damu na ya mwisho, idadi ya pedi alizobadilisha kwa siku, siku za maumivu na upande yanapoanzia, homa, uchafu na harufu yake, shida ya kukojoa au kwenda choo. Katika pwani yetu desturi ya somo au kungwi humpa binti mtu mzima wa kumwuliza mambo haya asiyoweza kumwuliza mamaye, nami naona kwamba somo mwenye daftari ni bora kuliko somo mwenye nasaha tupu, ijapokuwa najua wako watakaonicheka.

Hesabu za kulinganisha ni hizi. Binti ambaye hana dalili ya matiti akiwa na miaka 13, au hajavunja ungo akiwa na miaka 15, au imepita miaka 3 tangu matiti yalipochomoza na hedhi haijaja, apelekwe kwa daktari bila kuambiwa angoje kwa kuwa hata mama yake alichelewa. Damu inayozidi siku 7, inayorudi kabla ya siku 21 au kupita siku 45 kila mara, au inayolowesha pedi kwa saa moja au mbili, binti mwenye nayo apelekwe pia. Ni kweli kwamba katika miaka miwili ya mwanzo mizunguko huwa bado haijatulia, na mara nyingi sababu ni nyepesi. Lakini kuna dalili ambazo hazina unafuu wa namna hiyo: damu kwa mtoto ambaye bado hajabaleghe, damu baina ya hedhi na hedhi isiyotulia kwa dawa za homoni alizopewa, nyama laini inayochungulia ukeni kama kishada cha zabibu, ambayo huweza kuwa saratani ya misuli, inayoota katika uke wa watoto wadogo na katika mlango wa kizazi wa mabinti wakubwa kidogo, na, kwa binti aliyekwisha kupasuliwa ukuta uliomziba, damu au uchafu unaorudi baada ya kuwa amepona. Hii ya mwisho ndiyo ninayoihofia kupita zote, kwa sababu kila mtu amekwisha kulifunga faili lake.

Najua swali lililo moyoni mwako, nalo ni la ubikira. Jibu lake ni bayana: uchunguzi wa kwanza hauugusi. Altrasaundi hupigwa juu ya tumbo, binti akiwa amekunywa maji mengi kibofu kikajaa. Na kipimo cha MRI, kinachoonyesha kuta na vyumba kwa uwazi zaidi, hakiingizi kitu mwilini isipokuwa pengine dawa ya mshipani. Ikiwa hapana budi kutazama ndani, hupewa dawa ya usingizi, na kamera nyembamba hupitishwa katika tundu la asili la kizinda, kipande kidogo cha nyama kikachukuliwa kupimwa. Una ruhusa ya kuomba daktari mwanamke, na ya kuomba muuguzi au ndugu wa kike awepo. Naye binti ana haki ya kusikilizwa peke yake kwa dakika chache, pasipo wewe, na usihesabu kuwa ni dharau. Lile usiloruhusu kamwe ni kutobolewa kwa sindano au wembe kabla ya picha, kwa maneno kwamba ni kizinda tu kilichoziba, maana ukuta mnene ulio juu si kizinda, na damu iliyokaa ndani, ikitobolewa pasipo njia pana ya kutoka, huingia vijidudu na kuleta maradhi mapya.

Siku ya upasuaji wa kufungua upande uliozibwa, mwombe daktari mambo mawili. La kwanza, ukuta utakaokatwa usitupwe, upelekwe maabara ya patholojia. La pili, mlango wa kizazi uliokuwa umefichika utazamwe vema na hali yake iandikwe. Majibu ya patholojia hudaiwa kwa mkono, tena kwa maandishi, na ulizia kwamba kile kipande cha nyama kilichowekwa katika nta kinahifadhiwa, kwa sababu saratani adimu hupaswa kusomwa na mtaalamu zaidi ya mmoja, na kipande kikipotea hakuna wa pili wa kukisoma.

Ikithibitika kuwa ni saratani, usianze kwa kuuza shamba ili umpeleke nchi za mbali. Katika Tanzania barua ya rufaa yaweza kukufikisha Muhimbili na katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ambayo imo katika majengo ya hospitali iliyojengwa zama za Wajerumani. Ziko pia KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza. Na katika Kenya, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na ile ya rufaa ya Moi, Eldoret. Binti wa miaka 14 huweza kuangukia baina ya viti viwili, madaktari wa watoto wakimwona mkubwa na wa wanawake wakimwona mdogo; omba hao wote, pamoja na wa mionzi, wa patholojia na wa figo, wakae jopo moja juu ya faili lake kabla ya dawa ya kwanza.

Tena figo. Sisiplatini, mojawapo ya dawa zinazotegemewa sana katika saratani za seli za mbegu na katika nyingine nyingi, huweza kuzidhuru figo. Kwa mwenye figo moja daktari huhitaji kupima nguvu zake kwanza, kumpa maji mengi ya mshipani, au kugeuza dawa. Mpasuaji naye lazima ajue mrija wa mkojo uliobaki unapita wapi. Hata vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambavyo mtoto huyu huenda amevimeza kila mwezi kwa miaka, visitumiwe bila ushauri. Na kabla ya mionzi ya kinena uliza kama ovari zaweza kuhamishwa juu zaidi, mbali na njia ya mionzi. Na ikiwa saratani ni ndogo na iko kwenye mlango tu, uliza kama yafaa ule upasuaji wa kuondoa mlango na kuuacha mji, ulioanzishwa na Daniel Dargent wa Lyon, Ufaransa, mwaka 1987. Si kila mgonjwa anayefaa kwa hayo. Ila maswali haya yana wakati wake, nao ni kabla ya tiba. Baadaye hubaki majuto tu.

Binti mwenyewe aambiwe nini? Aambiwe kweli, kwa kadiri ya umri wake, na aambiwe nawe kabla hajaisikia katika ukumbi wa hospitali. Wako wazazi wanaodhani kwamba wanamsitiri kwa kunyamaza. Kumbe mtoto anaona nyuso, anahesabu safari, na hukijaza kimya hicho kwa mambo mabaya kuliko yaliyopo. Mwambie viungo vyake vina umbo gani, kwa majina yake halisi, na umchoree ikiwa wajua kuchora.

Siku atakapotimiza miaka 18, au atakapoolewa, au atakapokwenda kusoma mji mwingine, lolote litakalotangulia, mkabidhi lile daftari. Katika ukurasa wa kwanza, kwa wino na kwa herufi kubwa, pawe pameandikwa: ana figo ngapi na iliyopo ni ya upande gani, ana miji mingapi na milango mingapi, amepasuliwa nini, lini na wapi, majibu ya patholojia yalisema nini, na jina la dawa yoyote aliyoitumia mamaye katika mimba yake, hata kama ni ya kienyeji, hata kama mama anaona haya kuitaja.